Jirani Hajulikani kwa Picha Moja

Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu iliyohusu biashara ya sangara wa Mwanza. Ilionyesha njaa, ukahaba na fununu za silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea kwa kuipaka nchi matope.

Haki waliyoidai Watanzania anaistahili pia jirani wa ng'ambo ya Ruvuma. Tangu mwaka 2017 picha nyingi zitokazo Cabo Delgado ni za vita. Mtazamaji asipokuwa mwangalifu, kila avukaye mto ataonekana gaidi, ilhali raia laki kadhaa wa huko ndio walioyakimbia mashambulizi hayo. Basi mwalimu aonyeshapo picha hizo darasani na aulize: ni nani ambaye kamera haikumwonyesha?