Tabibu wa Viungo na Migongo Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Machakos)



Tumeombwa tuseme habari za kazi isiyo ya reli, nayo ni kazi ya tabibu wa viungo, ambayo wenyewe waiita fiziotherapia. Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana sisi wa njia twabeba mataruma, twasukuma mtaimbo, twainama juu ya kokoto tangu asubuhi, na hakuna genge lisilo na mtu ashikaye kiuno. Wala makarani hawakusalimika. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya mgongo sehemu ya chini.

Mwenzetu mmoja wa genge aliumia akivuta taruma. Akapewa vidonge na siku tatu za kulala, akarudi kazini, akaumia tena. Akanunua mkanda wa kiuno sokoni, akakandwa na mzee mmoja kwa mafuta, na fedha zikaisha kabla ya maumivu. Mwisho akaandikiwa kadi aende kwa tabibu wa viungo, mara nane. Sisi tulimsindikiza, na tuliyoyaona ndiyo tuliyokuja kuwaambia.

Tulidhani atalazwa kitandani akandwe tena. Sivyo. Tabibu, naye ni dada wa makamo, alianza kwa kuuliza kazi. Hakutosheka kusikia "mimi ni wa reli". Alitaka kujua taruma hubebwa na watu wangapi, yeye hushika upande gani, mguu upi hutangulia. Akaleta sanduku, akamwambia, "Nionyeshe, kaka." Hapo akaona kwa macho yake jinsi anavyojipinda kiuno badala ya kugeuza miguu.

Kisha akapima nguvu za miguu, akaigusa ngozi kama ina fahamu, akauliza habari za mkojo. Mwenzetu akaona haya, lakini dada yule akamweleza sababu. Mwenye maumivu ya mgongo akifa ganzi katikati ya mapaja, au akishindwa kuzuia mkojo au kuupitisha, au mguu ukilegea, asingoje kadi wala ruhusa. Aende hospitali siku ile ile, maana huenda mishipa ya fahamu imebanwa, na akichelewa yaweza isipone. Neno hili lafaa kubandikwa katika kila kibanda cha genge.

Likaja swali ambalo hatujasikia kwa daktari mwingine: "Wataka kufanya nini tena ambacho sasa huwezi?" Akajibu, kumbeba mtoto wangu, na kurudi gengeni. Yote mawili yakaandikwa kwenye kadi. Tangu hapo mazoezi yalikuwa ya kumfikisha huko: kwanza kuinua kiuno akiwa amelala chali, kisha kuchuchumaa na kusimama, kisha kuinua sanduku tupu, kisha sanduku lenye mawe. Kulala kutwa alimkataza, kwa kuwa misuli isiyofanya kazi hulegea. Wala hakumcheka kwa ule mkanda. Alimwambia tu kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya lilitoa maagizo juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu, nayo yasema mikanda isitolewe kwa desturi, bali mtu afundishwe na afanye mazoezi.

Tulimwuliza amefikaje katika kazi hii, kwa ajili ya wenye watoto shuleni. Alimaliza sekondari akiwa amefaulu baiolojia, akasoma miaka mitatu ya diploma katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, chuo kilichoanzishwa mwaka 1927. Huko husoma mifupa na misuli, lakini sehemu kubwa hujifunzwa wodini, kwa watoto waliochelewa kutembea, waliopooza upande mmoja, walioungua moto, na siku hizi walioanguka na pikipiki. Wengine huendelea hadi shahada, kama katika Chuo Kikuu cha Moi. Sheria ya mwaka 2014 iliweka Baraza la kuwaandikisha, na asiye na leseni yake haruhusiwi kuifanya kazi hiyo. Kazi yenyewe ilipata chama chake London mwaka 1894, pale wauguzi wanne wanawake walipojiunga kulinda jina jema la kazi yao ya kukanda, lililokuwa limeharibiwa na walaghai. Walifanya kama sisi, waliungana.

Sasa tufike penye uchungu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imeuacha mji wa Machakos kando, na hata leo mtu wa Konza au Athi River hupanda matatu kwenda hospitali ya hapa. Mara nane ni nauli nane, na kama siku hukatwa, ni mishahara minane ya siku. Mwenzetu alipoomba ruhusa ya tatu, mnyapara alimwambia achague hospitali au kazi. Akaacha kwenda. Karani wa tawi alipopeleka barua ndipo akarudi, akaanza mazoezi karibu upya.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alipe gharama za haki za matibabu ya aliyeumia kazini, hata za safari. Lakini ajali lazima ijulikane. Mwajiri hupaswa kumpelekea Mkurugenzi habari kwa muda wa siku 7 tangu aarifiwe, na aliyenyamaza miezi 12 hupoteza haki yake. Kwa hiyo mtu akiumia, mpeleke kitabuni siku ile ile, hata akisema ni kidogo.

Mwenzetu yuko gengeni sasa, na mtoto anambeba.

Bwana Mwenyekiti, twatoa shauri lipigiwe kura: chama kidai kwamba siku ya kadi ya tabibu wa viungo isikatwe mshahara, na anayerudi apewe kazi nyepesi mpaka tabibu aandike kwamba yuko tayari. Wenye kadi wazilete kwa karani kabla ya mkutano kufungwa.