Matairi ya Pikapu Yetu



Pikapu yetu huvuta tela la alizeti kupanda Sekenke, na matairi ya nyuma yamekwisha kabisa. Fedha zinatosha mawili mapya au manne ya mtumba. Sisi tunasema mapya mawili! Tela hukandamiza ekseli ya nyuma. Likipasuka mlimani, dereva wetu ataponea wapi?

Dukani tusome ubavuni. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120. 91 ni kilo 615 tu, hilo la teksi. Tena tarehe: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Limezeeka hilo, hata liking'aa. Tuliosoma ngumbaru ukubwani namba hizi tunaziweza, basi mwenye duka asituharakishe.

Upepo tupime tairi likiwa baridi, kabla ya safari.