Hesabu ya Safari ya Nairobi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ihanja)



Mwezi Agosti 2024 mlitutuma sisi wawili kwenda Nairobi kumwangalia mwenzetu aliyelazwa hospitalini huko, mkatukabidhi fedha za mchango wenu na madumu mawili ya asali ya kwetu. Mgonjwa amepona, naye leo ameketi kati yetu. Kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini leo ndiyo siku ya kusoma hesabu za mwaka, na katika hesabu ya safari ile mna jambo ambalo hatujapata kulisema.

Tuliondoka Singida alfajiri, tukapita Katesh chini ya mlima Hanang, tukapita Babati, tukalala Arusha. Kesho yake tukavuka mpaka huko Namanga, ambako tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi katika kituo kimoja. Hapo tulifanya kosa la kwanza: tulibadili fedha kidogo tu, tukidhani zilizosalia tutazibadili mjini.

Tulifika Nairobi usiku, baridi imekaza. Dereva mmoja wa teksi akatusalimu kwa adabu, akatuita ndugu zake wa Tanzania, akayachukua madumu ya asali kabla hatujamwambia twendako. Tulipomwuliza nauli akajibu, "Mia sita tu, ndugu zangu." Tukaona ni maneno ya mtu mwema, tukapanda.

Tulipofika kwenye lango la hospitali akasema, "Mia sita kila mtu, na mizigo mia tatu." Jumla ikawa 1,500, nasi tulikuwa na 900 tu za Kenya. Akasema, "Zilizobaki nipeni kwa fedha za kwenu." Siku zile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 20 za kwetu, yeye akaihesabu kwa 40. Tulipoanza kubisha alitutazama tu, na madumu yamo ndani ya gari, na buti limefungwa. Tukatoa shilingi 24,000. Kwa hesabu ya haki, nauli ile ilikuwa 12,000 za kwetu. Sisi tulilipa jumla ya 42,000. Basi shilingi 30,000 za wanachama zilipotea kwa safari ya dakika chache.

Wenzetu, yafaa tuseme mlango alioingilia mtu yule. Kwanza ni jina la fedha. Zamani shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa moja. Mzee wa hapa Ihanja aliweza kwenda Nairobi au Kampala na shilingi ile ile mfukoni. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa ya kwake. Jina likabaki moja, thamani zikaachana. Asiyekuwa na hesabu yake kichwani kabla ya kufika, atahesabiwa na mwingine.

Lakini mlango mkubwa zaidi ulikuwa haya yetu. Tulitaka kuonekana watu waliozoea miji. Hatukuuliza kama mia sita ni ya gari zima au ya kila mtu, wala kama mizigo imo. Huko Nairobi, tangu kampuni ya Uber ilipoanza kazi mwaka 2015, msafiri aweza kuita gari kwa simu na kuonyeshwa nauli kabla ya kupanda. Simu tulikuwa nazo, ila laini ya huko hatukuwa nayo, na kumwomba abiria mwenzetu atuitie gari tuliona ni aibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunyamaza na fedha za watu.

Sasa twafika pabaya kupita pale. Njiani tukirudi tulitoa karatasi ili tuandike matumizi. Mmoja wetu akasema, "Tuandike 'chakula njiani'." Mwingine akakubali, na kalamu ikagusa karatasi. Ndipo tukakumbuka ni mara ngapi, tukiwa ofisini, tumerudisha hati za watu wengine kwa sababu ya neno kama hilo. Dereva alitudanganya sisi wawili kwa usiku mmoja. Sisi tungaliwadanganya ninyi nyote, tena kwa maandishi. Mficha uchi hazai. Tukafuta, tukaandika: "Tulidanganywa na dereva, 30,000." Hivyo ndivyo mtakavyosoma daftarini. Na leo asubuhi tumemlipa Mweka Hazina fedha hizo, kila mmoja 15,000, na stakabadhi tunayo.

Wala msidhani twawalaumu watu wa Nairobi. Kesho yake mzee mmoja mwenye teksi alitutajia nauli ya gari zima, watu na mizigo, kabla ya kuwasha mashine, na tulipofika hakuongeza hata senti. Tena na tujitazame sisi wenyewe. Mgeni akishuka hapa kwetu na mwenye pikipiki akamtoza mara mbili, sisi tulio barazani hucheka, tukasema mgeni hajui. Tangu safari ile kicheko hicho kimetutoka.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Mjumbe yeyote wa chama abadili fedha za kumtosha kabla ya kuingia mji wa kigeni. Apatane nauli kwa maneno kamili: ya gari zima, pamoja na mizigo, na kwa shilingi ya nchi gani. Na akipoteza, aandike kwamba amepoteza.