Chama Kipya na Mlango wa Uchaguzi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa

Nawasalimu ninyi mlioko Sumbawanga mjini, na ninyi wa Laela, Matai, Namanyere na Kirando, na wenzetu wa kule bondeni Muze. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: chama, usajili, mgombea. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nchi nyingi. Watu wameunda chama kipya cha siasa na wanataka kusimamisha wagombea. Mtu mwenye mamlaka anawaambia, "Ninyi bado." Je, ana haki ya kuwaambia hivyo?

Hata huko Ulaya mlango huu upo. Katika Ujerumani, chama kipya kinachotaka kugombea Bunge la Ulaya kwa orodha ya nchi nzima sharti kilete sahihi 4,000 za wapiga kura. Sasa tuutazame mlango wa kwetu.

Kuanzia mwaka 1965 nchi yetu ilifuata siasa ya chama kimoja: TANU huku Bara na Afro-Shirazi kule Zanzibar, mpaka vyama hivyo vilipoungana mwaka 1977 vikawa CCM. Mwaka 1992 Bunge lilibadili Katiba na kutunga Sheria ya Vyama vya Siasa. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo, raia wakaruhusiwa kuunda vyama vingine.

Sheria hiyo iliweka Msajili wa Vyama vya Siasa, na ikaweka hatua mbili. Hatua ya kwanza ni usajili wa muda. Chama hupewa siku 180. Katika siku hizo kinaweza kufanya mikutano na kutafuta wanachama, lakini hakiwezi kusimamisha mgombea. Hatua ya pili ni usajili wa kudumu. Hapo sharti chama kiwe na wanachama wasiopungua 200, wanaostahili kuandikishwa kupiga kura, katika kila mkoa, na mikoa hiyo isipungue kumi. Tena, kati ya mikoa hiyo, sharti mmoja uwe wa Unguja na mmoja wa Pemba.

Tufanye hesabu pamoja. Wanachama 200 mara mikoa 10 ni wangapi? Ni 2,000. Basi, tuseme chama kimepata watu 2,000, lakini wote ni wa Rukwa. Je, kimefaulu? Hapana. Hata kikipata 10,000 hapa kwetu, bado mkoa ni mmoja tu. Na kumbukeni ya kwamba tangu mwaka 2012 Mpanda imo katika Mkoa wa Katavi, kwa hiyo watu wa Mpanda hawahesabiwi tena pamoja nasi.

Ninyi wakulima mnafahamu maana yake. Mtu huinua ntumba moja, akafukia majani, na udongo wa hapo ukawa mzuri sana. Lakini tuta moja si shamba. Sheria inataka chama kiwe shamba.

Sasa nitawaeleza habari za ugomvi wenyewe. Mchungaji Christopher Mtikila alianzisha chama kilichoitwa Democratic Party, yaani DP. Yeye hakuukubali Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964. Alitaka Tanganyika irudi. Kwa sababu hiyo hakuwa tayari kwenda Unguja na Pemba kutafuta wanachama. Msajili naye akasema: bila wanachama wa Zanzibar, hakuna usajili wa kudumu. Kwa hiyo DP haikusimamisha wagombea katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1995, wala ule wa mwaka 2000.

Wanaoitetea sheria husema hivi: Rais huongoza nchi nzima, basi chama kinachotaka kumtoa Rais kionyeshe kwanza kwamba kina watu pande zote. Bila hivyo tutapata vyama vya kabila, vya dini na vya wilaya, na ugomvi utaingia vijijini.

Wanaoipinga husema hivi: mtu anayetaka Muungano ubadilike atapeleka wapi mawazo yake, ikiwa hawezi kuwa na chama mpaka kwanza akubali Muungano huo? Tena Msajili huteuliwa na Rais, naye Rais ana chama chake.

Ndugu wanafunzi, hoja zote mbili ni nzito. Nawaomba mtenganishe maswali mawili. Swali la kwanza: je, chama kimetimiza sharti? Hili hujibiwa kwa kuhesabu majina, na jibu lake liwe lile lile kwa kila chama, kikubwa au kidogo. Swali la pili: je, sharti lenyewe ni la haki? Hili si la Msajili. Ni la Bunge, la mahakama na la raia wote. Watu wakiyachanganya maswali haya, hugombana usiku kucha na hakuna anayemwelewa mwenzake.

Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 2002 DP ilipata usajili wa kudumu, na mwaka 2005 Mchungaji Mtikila aligombea urais.

Lakini alikuwa na shauri jingine pia: kwa nini raia asigombee bila chama chochote? Mwaka 1994 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lugakingira, ilikubali ya kwamba anaweza. Bunge likabadili Katiba kulizuia jambo hilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki yake. Mchungaji Mtikila alifariki mwaka 2015. Hata katika uchaguzi wa Oktoba 2025, kila mgombea wa urais na ubunge alitakiwa awe amesimamishwa na chama.

Na sisi tunaojifunza kusoma, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Wale 200 wa Rukwa ni watu kama ninyi. Mtu atakuja sokoni au shambani na karatasi, aseme, "Andika jina lako hapa, mama," au, "Weka dole gumba hapa, mzee." Jina lako likiingia humo, limehesabiwa. Basi soma kwanza. Uliza chama ni kipi na kinataka nini. Ukikubali, andika kwa mkono wako. Usipokubali, rudisha karatasi kwa heshima. Kwa jina lako mlango wa uchaguzi hufunguka, na mwenye jina ni wewe.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Usajili wa muda na usajili wa kudumu vina tofauti gani?
2. Kwa nini wanachama 10,000 wa mkoa mmoja hawatoshi?
3. Sharti la kupata wanachama Unguja na Pemba ni la haki? Kila mmoja atoe sababu yake, na wengine wamsikilize mpaka amalize.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.