Kamari ya Uani Haina Mlinzi

Msikilizaji, Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kubashiri, zikiwemo SportPesa na Betin. Namba zao za malipo kwa simu zikasimamishwa.

Amri kama hiyo hufunga tovuti, lakini hamu ya kucheza hubaki. Baadhi ya wachezaji huacha kabisa, na hilo ni jema. Wengine huhamia kwenye mashine za kamari zisizo na leseni, au kwenye meza za poka za uani. Mashine za aina hiyo zimekamatwa na kuteketezwa mara nyingi nchini Kenya.

Kamari ya uani haina mlinzi.

Huko hakuna risiti. Mchezaji akishinda asilipwe, hana pa kushtaki. Akishindwa na kukopa, anaweza kudaiwa kwa vitisho.

Narudia: kamari ya uani haina mlinzi. Usiweke fedha zako pasipo na leseni. Usikope ili ucheze. Ukiona mtoto kwenye mashine ya kamari, mwarifu chifu au polisi. Na kama kuacha kumekushinda, mweleze leo hii mtu wa nyumbani unayemwamini, umkabidhi fedha zako akutunzie.