Alama ya Zamani Mwilini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Yuko mtu aliyechanjwa mkono ujanani akatiwa wino, na sasa alama imefifia lakini haijafutika. Kila akikunja kanzu kutawadha huona haya. Mwisho hubaki nyumbani siku ya Ijumaa. Huyu afanyeje?

Kwanza, hukumu tusiifiche. Katika Hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kutaka kuchanjwa. Basi asiyechanjwa asithubutu.

Pili, aliyekwisha kuchanjwa na atubu: ajute, na aazimie kutorudia. Ama mzee wa Kimakonde aliyetiwa nembo usoni angali mtoto, kwa amri ya wakubwa wake, huyo hana dhambi, wala haifai kumcheka.

Tatu, kuiondoa. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kwamba alama ikiweza kuondoka kwa dawa, ni wajibu iondolewe. Lakini ikihofiwa kuharibika kiungo, au kubaki aibu kubwa mahali panapoonekana, si wajibu, na toba humwondolea dhambi. Siku hizi wako madaktari wanaotumia mwanga wa leza kuuvunjavunja wino kwa awamu nyingi. Mwenye uwezo na awaulize. Asiye na uwezo asijichome kwa chuma cha moto wala kwa tindikali: kosa haliondolewi kwa kuudhuru mwili ambao ni amana.

Wala asiache sala. Wino uko ndani ya ngozi, haizuii maji ya udhu kuifikia. Na mwenye udhuru wa kutoiondoa, sala yake ni sahihi.

Nasi tulio safuni, tumpishe akae, tusimkodolee macho mkononi. Huenda akafa na alama ile. Asife hali ameiacha Ijumaa kwa sababu ya macho yetu.

Ewe Mola wetu, zipokee toba zetu, utusitiri aibu zetu, za dhahiri na za siri. Amin.