Mgonjwa Asiyeumwa
Hotuba ya mahafali ya wahudumu wa afya, Nachingwea



Wengi wenu mtapangiwa zahanati za vijijini, hapa Nachingwea na kule Ruangwa. Nimekuja kumsemea mgonjwa ambaye hatapanga foleni mlangoni kwenu, kwa kuwa haumwi: mgonjwa wa ukoma.

Nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, Waziri wa Afya akiwa Leader Stirling, daktari aliyewahi kutibu watu Mnero, humu humu wilayani. Mwaka 2006 Tanzania ikafikia lengo la Shirika la Afya Duniani: chini ya mgonjwa 1 wa ukoma kwa kila watu 10,000. Huo ni wastani wa taifa. Kusini huku ukoma haujatuaga.

Bakteria wake hukua polepole mno. Miaka 5, pengine hata 20, hupita kabla baka la kwanza halijaonekana. Hushambulia neva zilizo karibu na ngozi, kwenye kiwiko, goti, kifundo cha mguu na uso. Neva ikifa, mama anashika sufuria jikoni asisikie moto. Baba anachomwa na kisiki kwenye mikorosho, kidonda kinachimba, naye anaendelea kupalilia mpaka jioni. Jamani, ukoma hauli vidole! Vinamalizwa na moto, jembe na vidonda visivyouma.

Kwa hiyo mtu akija na homa, ukaliona baka lililopauka mkononi, usimwandikie dawa ya homa tu ukamwita anayefuata. Mwambie afumbe macho. Liguse baka taratibu kwa ncha ya kalamu, aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Kisha mpapase nyuma ya kiwiko, upande wa kidole cha mwisho: mshipa wa neva umenenepa? Unauma ukiubonyeza? Mguse bila woga, watu wa kwao wakuone.

Dawa mseto ni bure, miezi 6 au 12, na muda mfupi tu baada ya kuanza haambukizi tena. Ganzi ndiyo inayonikosesha usingizi. Ikiwa haijapita miezi 6 tangu ianze, prednisoloni inaweza kuirudisha hisia; ikishapita hapo, mara nyingi imekwenda moja kwa moja.

Ukimpata mmoja, nenda hadi kwake, ukawapime wote anaoishi nao, watoto kwanza.